Mbegu ya mchikichi si mchikichi wenyewe

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama mkulima wa Ilagala, Kigoma. Nina mchikichi mmoja unaozaa vizuri mno. Chikichi zake zina nyama nyingi na kokwa ndogo yenye ganda jembamba. Miaka saba iliyopita nilichukua mbegu zake nikaotesha, nikapanda miche 18 nikijua nitapata shamba zima la mti ule. Sasa imezaa. Minane ina kokwa nene kama michikichi ya zamani ya majirani, tisa inafanana na mama yake, na mmoja umekuwa mkubwa kuliko yote lakini mikungu yake inaoza kabla ya kuiva. Mbona muhogo nikikata pingili napata muhogo uleule mwaka hadi mwaka? Binti yangu wa kidato cha tatu anasema mmoja ni uzazi wa jinsia na mwingine ni uzazi bila jinsia, ila hakuweza kunieleza zaidi. Nifanyeje nipate shamba la mti ule?

Jibu: Mama, binti yako amegusa penyewe. Ulipopanda pingili ya muhogo ulipanda kipande cha mwili wa mmea mama. Ulipopanda mbegu ya mchikichi ulipanda mtoto wa wazazi wawili, na baba yake hukumchagua wewe. Mambo yote uliyoyaona shambani yanatoka hapo.

Tuanze na pingili. Kila seli ya muhogo ina kromosomu 36, yaani nyuzi 36 za urithi zinazobeba habari zote za mmea huo: rangi ya kikonyo, uchungu wa mzizi, urefu wa shina. Jicho la pingili linapochipua, seli zake hujigawa, na kabla ya kila mgawanyiko nyuzi zote 36 hunakiliwa ili kila seli mpya ipate seti kamili. Hakuna kilichopungua wala kilichoingia kutoka nje. Darasani mgawanyiko huu unaitwa mitosisi. Kwa hiyo ekari ya muhogo wa aina moja uliopandwa mita moja kwa mita moja, kwa hesabu ya urithi, ni mmea mmoja wenye miili kama 4,000. Huo ndio uzazi bila jinsia: mzazi mmoja, hakuna chavua, hakuna yai, na mtoto ni nakala ya mzazi.

Mbegu ina safari nyingine kabisa. Mchikichi una kromosomu 32, nazo zimekaa jozi 16; katika kila jozi moja ilitoka kwa mama na ya pili kwa baba. Mti unapotengeneza yai au chavua, jozi hutenganishwa, na kila yai hupata kromosomu 16 tu, moja kutoka kila jozi. Ipi kati ya hizo mbili, ni bahati. Mgawanyiko huu ndio mayosisi. Mbili ikizidishwa yenyewe mara 16 inatoa michanganyiko 65,536 kwa mayai ya mti mmoja, na chavua ya baba nayo ina 65,536 yake. Na hapo hatujahesabu kwamba kabla ya kutengana kromosomu za jozi hubadilishana vipande. Yai na chavua vikiungana, 16 na 16 hurudi kuwa 32, na unaanza mti ambao haukuwahi kuwepo.

Baba alitoka wapi? Tazama mchikichi wako kwa karibu. Maua ya kiume na ya kike yako kwenye mti mmoja lakini katika mashada tofauti. La kiume lina vidole virefu vinavyotoa unga wa njano na harufu tamu kali. La kike ni nene, lina miiba, na ndilo linalokuja kuwa mkungu. Kwa kawaida mti hutoa mashada ya kiume kwa kipindi fulani, halafu ya kike kwa kipindi kingine, hivyo ni mara chache kujichavusha wenyewe. Kazi ya kubeba chavua hufanywa zaidi na wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaozaliana ndani ya shada la kiume. Harufu huwavuta pia kwenye ua la kike, nao hufika wakiwa wamejaa unga wa mti mwingine. Ua la kike hupokea chavua kwa siku mbili tatu tu. Mti wako ulipofungua maua ya kike, uliochangia chavua ni mchikichi wowote wa jirani uliokuwa kwenye zamu ya kiume siku hizo.

Sasa tuje kwenye ganda, maana ndilo lililokuuma. Unene wa ganda la kokwa unaamuliwa na jeni moja kubwa, yaani sehemu moja ya kromosomu inayoamua sifa hiyo. Walioonyesha hivyo ni Beirnaert na Vanderweyen, ng'ambo ya ziwa huko Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Kila mti una nakala mbili za jeni hiyo. Zote mbili zikiwa za ganda nene, mti unaitwa dura, na ndivyo ilivyo michikichi mingi ya zamani ya Kigoma. Zote mbili zikiwa za kukosa ganda, mti unaitwa pisifera. Huo kwa kawaida ni mgumba upande wa kike, hutoa mashada mengi ambayo huoza yakiwa machanga. Ukiwa na moja ya aina hii na moja ya ile, unaitwa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, na mafuta yapata asilimia 30 zaidi ya dura.

Mti wako unaoupenda ni tenera. Hauwezi kuzaa tenera tupu kwa mbegu hata ukiutunza namna gani, kwa sababu nusu ya mayai yake hubeba jeni ya ganda nene na nusu hubeba ya kukosa ganda. Chavua ikitoka kwa dura, nusu ya watoto huwa dura na nusu tenera. Chavua ikitoka kwa tenera mwingine, robo huwa dura, nusu tenera na robo pisifera. Tazama hesabu yako: minane nene, tisa nyembamba. Ni karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo baba wengi walikuwa dura wa majirani. Ule mmoja mkubwa usiozaa, kama ni pisifera kweli, mbegu yake haikutokana na dura. Ilipata chavua ya tenera mwingine, au ya mti wako wenyewe kama zamu zake mbili ziligongana kidogo. Mikungu huoza pia kwa kukosa uchavushaji au kwa ukame, hivyo usihukumu kabla ya kupasua tunda. Chukua chikichi changa kwenye mkungu huo, ikate katikati: ukikuta kiini kimezungukwa na nyuzi tu bila ganda gumu, ni pisifera. Huo uondoe, kwa sababu unakula mbolea na mwanga wa wenzake.

Ile minane na ile tisa nayo ihakikishe kwa kisu kikali, si kwa kukadiria unene kwa jicho. Ganda la dura huwa milimita 2 hadi 8, la tenera nusu milimita hadi 4, na unaona hapo katikati vipimo vinaingiliana. Alama ya kuaminika ni nyingine: kata chikichi kwa upana, uangalie nyama inayolizunguka ganda. Kwenye tenera utaona pete ya vitone vyeusi vya nyuzi imelizingira ganda. Dura haina pete hiyo.

Kuna jambo hapa ambalo limewapotosha wakulima wengi, nalo nataka ulishike vizuri. Ganda la kokwa ni mwili wa mama. Mtoto yuko ndani, kwenye kiini, ile mise. Kwa hiyo unene wa ganda la mbegu unakuonyesha mama alivyo, haukuonyeshi mtoto atakavyokuwa. Mbegu bora za tenera hutengenezwa kwa kuchukua mama dura na baba pisifera: mama hutoa jeni ya ganda nene tu, baba hutoa ya kukosa ganda tu, na watoto wote huwa tenera. Lakini mbegu zenyewe, kwa kuwa mama ni dura, zina ganda nene. Mkulima anayepewa mbegu hizo anaweza kudhani ameibiwa, akazitupa, akaenda kuokota zenye ganda jembamba chini ya tenera wake. Amefanya kinyume kabisa.

Kutengeneza mbegu hizo si kazi ya shambani kwako. Shada la kike kwenye dura teule hufungwa mfuko maalumu siku kama 7 hadi 10 kabla halijafunguka, ili fukusi wasiingie. Likiwa tayari, chavua ya pisifera iliyohifadhiwa, imechanganywa na poda, hupulizwa ndani kupitia tundu dogo, kisha mfuko hubaki mpaka ua lifunge mlango wake. Mkungu huiva baada ya miezi 5 hadi 6. Hata kuota mbegu ni shida, maana hukaa usingizini: huwekwa kwenye joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa wiki kadhaa, kisha hulowekwa na kurudishwa kwenye joto la kawaida ndipo zichipue. Kwa mkoa wako, mahali pa kuulizia mbegu au miche hiyo ni kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, hapo hapo Kigoma. Uliza kwa maneno haya: nataka tenera iliyotokana na dura na pisifera. Miche hukaa kitaluni kama mwaka mmoja, halafu hupandwa kwa pembetatu ya mita 9, ambayo ni miti 143 kwa hekta, na huanza kuzaa kati ya mwaka wa 3 na wa 4.

Utauliza: kwa nini nisikate kipande cha mti wangu kama ninavyokata muhogo? Kwa sababu mchikichi una ncha moja tu ya kukua, ule moyo ulio juu kabisa. Hauna macho kwenye shina wala machipukizi chini. Ukikata moyo umeua mti. Maabara zinaweza kukuza miche kutoka kwenye vipande vidogo vya jani changa, na hiyo ndiyo nakala ya kweli ya mti. Ila njia hiyo ni ghali na ina ila yake: sehemu ya miti iliyopatikana hivyo huzaa matunda yaliyopotoka, yaliyovikwa vipande vya ziada, na mikungu mingi hubaki tasa. Herufi za DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo kwenye kromosomu, hazikubadilika. Kilichoharibika ni alama za kikemia zilizo juu yake, zinazowasha na kuzima jeni.

Baada ya haya yote unaweza kudhani pingili ni bora kuliko mbegu. Hapana. Nakala hunakili na ugonjwa. Batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, na virusi vinaishi ndani ya shina unalolikata. Nzi weupe huvitoa mmea mmoja hadi mwingine, lakini anayevisafirisha mbali, kijiji hadi kijiji, ni mkulima mwenye mzigo wa mashina begani. Batobato utaiona juu: majani yamejikunja yakiwa na mabaka ya kijani iliyopauka au njano. Michirizi ya kahawia ni hatari zaidi kwa sababu hujificha. Majani ya juu huwa safi, mmea mrefu, na dalili ziko kwenye majani ya chini yaliyokomaa, njano ikifuata mishipa ya jani. Kisha unang'oa muhogo unakuta mizizi ina madoa makavu ya kahawia, haifai hata makopa.

Hivyo chagua mashina muhogo ukiwa bado umesimama na majani, usisubiri mpaka uwe umevunwa na kurundikwa. Pita mstari kwa mstari, inua majani ya chini, na mmea unaoutaka chimba ukate mizizi miwili mitatu vipande uone ndani. Mmea uwe na umri wa miezi 8 hadi 18. Tumia sehemu ya katikati ya shina. Ncha ni laini na hukauka, shina la chini kabisa ni gumu na macho yake huchelewa. Pingili iwe sentimita 20 hadi 30, yenye macho 5 hadi 7. Ukikata, ule uboho mweupe wa katikati usizidi nusu ya upana wa shina, na utomvu utoke mara moja. Usipotoka, shina limeshakauka. Kama shamba zima lina michirizi, kuchagua hakutakusaidia. Tafuta pingili safi kutoka nje, na uzipande mbali na shamba la zamani, kwa kuwa nzi weupe hawapeleki virusi vya michirizi mbali sana.

Na aina zinazovumilia magonjwa hayo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mbegu, kwenye uzazi wa jinsia. Watafiti wa Amani, kule Tanga, walianza miaka ya 1930 kuchavusha muhogo kwa chavua ya jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira unaofanana nao, kisha wakarudia kuwachanganya watoto na muhogo kwa vizazi kadhaa ili kupata ukinzani bila kupoteza mzizi mnene. Watoto wengi hawakufaa kitu. Wachache waliofaa wakanakiliwa kwa pingili. Ukiliona hilo umeziona njia zote mbili kazini: jinsia hutoa kitu kipya, nayo hula muda na hutoa mabaya mengi pamoja na mazuri machache, pingili hukihifadhi kilichopatikana na kukieneza haraka, lakini haitoi jibu adui mpya akija.

Migomba yako inathibitisha hilo kwa uchungu. Migomba mingi tunayokula ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na tatu hazigawanyiki sawasawa kuwa yai au chavua, ndiyo maana ndizi haina mbegu. Inazaliana kwa machipukizi tu. Mnyauko unapoingia hakuna mgomba uliotofautiana na wenzake wa kuustahimili, na mwenye shamba hubaki na silaha za usafi: kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kutochukua chipukizi kutoka shina lenye dalili.

Mwambie binti yako pia asije akaandika kwenye mtihani kwamba uzazi wa jinsia lazima uwe na wazazi wawili. Maharage yenu hujichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka vizuri. Yai na chavua vipo, mayosisi ipo, muungano upo, kwa hiyo ni jinsia. Lakini mzazi ni mmoja, na baada ya vizazi vingi vya kujichavusha watoto wanafanana naye karibu kama nakala. Ndiyo maana unaweza kutunza mbegu ya maharage miaka na aina isibadilike, ilhali mahindi chotara ukirudia kupanda punje zake msimu wa pili yanatawanyika, marefu na mafupi, na mavuno yanashuka. Kinachotofautisha njia hizi mbili ni kama seli mbili za uzazi zimeungana au la.

Akitaka mfano wa wanyama asiende mbali, aende ziwani. Tanganyika ina yavuyavu wadogo kama sarafu, laini kama ute. Kuna dume na jike wanaomwaga mbegu na mayai majini, na wakati huohuo mmoja anaweza kuchipua vitoto kuzunguka mdomo wake vikajitenga na kuogelea. Kiumbe kimoja, njia zote mbili. Kwa wafuga nyuki wa Tabora, malkia akitaga yai lililorutubishwa linatoka nyuki jike mwenye kromosomu 32; lisiporutubishwa linatoka dume mwenye 16 tu. Mzinga ukipoteza malkia na kukosa mwingine, vibarua huanza kutaga mayai yasiyorutubishwa, mengi katika tundu moja, wanatoka madume matupu na kundi linakwisha.

Na malaria, ambayo kila nyumba ya Kigoma inaijua. Ndani ya damu yetu vimelea hujigawa bila jinsia, na aina inayoua zaidi huvunja seli nyekundu na kutoka kila baada ya saa kama 48. Homa inakuja hapo. Lakini baadhi ya vimelea hugeuka kuwa dume na jike, na hawaungani mpaka wanyonywe na mbu. Muungano hufanyika tumboni mwa mbu, na hupita kama siku 10 au zaidi kabla hajaweza kuambukiza mtu. Anayelala ndani ya chandarua akiwa na vimelea anawanyima nafasi hiyo ya kuungana.

Turudi shambani. Wikendi moja wewe na binti yako chukueni chikichi moja iliyokomaa kutoka kila mti kati ya hiyo 17 inayozaa, mkate kwa upana, mtafute pete ya vitone, na mpake rangi kwenye shina: nyeupe kwa tenera, nyekundu kwa dura. Dura msizikate leo, zinawapa mawese. Pandeni tenera mpya kwenye nafasi ya pisifera na pembezoni, na miti mipya ikianza kuzaa mtoe dura kidogo kidogo. Ile miche inayojiotea chini ya mti mama, ambayo majirani watakuja kuiomba kwa sababu wameona mikungu yake, ina mchanganyiko uleule wa hii 18. Wapasulieni chikichi moja ya mti mwekundu na moja ya mti mweupe waone wenyewe kabla hawajaing'oa.